Sanduku la DCF, gretingi au koherenti: njia ipi ya kutibu mtawanyiko kwenye faiba yako?

Nilipokuwa najifunza kazi hii, fundi mkuu wetu alituwekea mezani bobini mbili za faiba ya kawaida, kila moja ikikaribia kilomita 37, pamoja na leza iliyokuwa ikitoa mapigo bilioni 10 ya mwanga kwa sekunde. Mapigo yote yalikuwa sawa, hayana ujumbe wowote ndani yake. Akaunganisha bobini ya kwanza na kutuambia tutazame osiloskopu, kile chombo kinachochora mapigo kwenye skrini. Mapigo yalikuwa yameongezeka maradufu: bilioni 20 kwa sekunde, membamba na safi. Akaunganisha ya pili, jumla ikawa kama kilomita 73, na mapigo yakarudi kuwa bilioni 10, mazuri kama yalivyotoka kwenye leza. Mwenzangu mmoja akasema, "Basi faiba haina neno."

Fundi mkuu hakujibu. Aliwasha moduleta, akaanza kutia data kwenye mapigo yale yale: pigo likiwepo ni moja, likikosekana ni sifuri. Picha ikavurugika pale pale. Penye sifuri pakajaa mwanga, penye moja pakafifia, na ule uwazi wa katikati ya mchoro ambao mafundi huuita jicho ukafumba kabisa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi tunanunua dawa ya mtawanyiko (yaani rangi za mwanga kuachana njiani ndani ya faiba) tukiwa na picha ya pigo moja kichwani, pigo linalonenepa kadiri linavyosafiri. Lakini laini haibebi pigo moja, inabeba msafara wenye mapengo, na ujumbe umo katika mapengo hayo. Dawa nzuri ni ile inayorudisha mapengo mahali pake. Kwa hiyo, kabla sijalinganisha njia tatu ambazo utazikuta sokoni, nieleze kwanza kilichotokea pale mezani.

Mchakamchaka ndani ya kioo

Fikiria wanafunzi wakikimbia mchakamchaka, mstari baada ya mstari. Kila mstari ni pigo moja. Ndani ya mstari wamo watoto wepesi na wazito, kama vile ndani ya pigo moja zilivyomo rangi kadhaa zilizokaribiana. (Katika urefu wa mawimbi tunaoutumia, nanomita 1550 hivi, macho hayaoni kitu; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita; "rangi" ni lugha ya mafundi tu.) Kwenye faiba ya kawaida, ile ya kiwango cha G.652, rangi zenye wimbi fupi hutangulia na zenye wimbi refu hubaki nyuma. Tofauti yenyewe ni pikosekunde 17 hivi (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde) kwa kila nanomita ya upana wa rangi, kwa kila kilomita. Kilomita 80 zinakupa pikosekunde 1360 kwa nanomita. Nafasi ya biti moja katika laini ya gigabiti 10 ni pikosekunde 100 tu.

Sasa ule muujiza wa kilomita 73. Msafara wa mapigo yanayofanana, bilioni 10 kwa sekunde, hauna rangi mchanganyiko kiholela. Una mistari ya rangi iliyopangana kwa nafasi sawa, kila mmoja mbali na mwenzake kwa nanomita 0.08. Zidisha 0.08 kwa 17 kwa 73: unapata pikosekunde 100, yaani nafasi ya pigo moja kamili. Maana yake, kila rangi imerudi nyuma hatua moja kamili kuliko jirani yake. Ni kama kila mtoto mzito amerudi mstari mmoja, na aliye mzito zaidi mistari miwili. Ukitazama kwa mbali mistari imetimia, ila ukiita majina hakuna mstari wenye watoto wake wa asubuhi. Kwenye nusu ya umbali huo kila rangi inakuwa imerudi nusu hatua, ndipo mistari inapoonekana maradufu. Jambo hili lina jina la Mwingereza Henry Fox Talbot, ambaye mwaka 1836 aliona mwanga uliopita kwenye wavu wa mistari ukijirudia kama picha kwa umbali fulani fulani. Sisi tunaliona kwenye wakati badala ya nafasi.

Ukiondoa mstari mmoja katikati, yaani ukitia sifuri, pengo lake halihami likiwa zima. Linagawanywa kwa mistari yote ya jirani, na jirani nao wanamwaga watoto wao ndani yake. Ndiyo maana jicho lilifumba wakati msafara usio na data ulikuwa unang'aa. Ukipima laini kwa msururu wa moja tupu, laini inaweza kukuambia ni nzima huku imekufa.

Jambo la pili la kushika ni kwamba kasi huongeza ugonjwa kwa kipeo cha pili. Ukizidisha kasi mara nne, mapigo yanakuwa membamba na rangi zake zinapanuka mara nne. Wakati huo huo nafasi ya biti imepungua mara nne. Nne kwa nne ni kumi na sita. Gigabiti 2.5 inavumilia kilomita 1000 hivi za faiba ya kawaida bila dawa, gigabiti 10 inavumilia 60 hivi, na gigabiti 40 ya kuwasha na kuzima haifiki hata 4.

Pima kwanza

Usilinganishe bei za chochote kabla hujapima mtawanyiko wa laini yako, faiba kwa faiba. Makaratasi ya ujenzi hayatoshi. Laini ikikatwa na greda la barabara, mafundi wa usiku huunga kipande kilichopo stoo, na kipande hicho kinaweza kuwa cha G.655, ambacho mtawanyiko wake ni kama 4 badala ya 17. Kilomita 10 za aina hiyo katikati ya laini zinakupunguzia pikosekunde 130 ambazo hazimo kwenye hesabu yako.

Niliwahi kuitwa kwenye laini ambayo makosa yalikuwa yanaongezeka badala ya kupungua tangu ifungwe sanduku la kutibu mtawanyiko. Kwenye rafu, sanduku lilikuwa na kibandiko kilichoandikwa -2040, yaani dawa ya kilomita 120. Tulipopima, nyuzi zilikuwa kilomita 45. Laini ilikuwa imetibiwa kupita kiasi, rangi zilizokuwa nyuma sasa zikawa mbele, na mapigo yakawa yamevurugika upande wa pili. Kipokezi hakijali mtawanyiko una alama gani, ukizidi umezidi. Tulibadilisha sanduku, na kazi nzima ilichukua dakika 20. Kulitafuta tatizo kulikuwa kumechukua wiki tatu.

Angalia pia leza unayotumia. Leza inayowashwa na kuzimwa moja kwa moja kwa umeme hubadilika rangi kidogo kila inapowaka, na rangi hiyo inayoteleza huongeza mtawanyiko haraka kwenye faiba ya kawaida. Moduleta ya nje inakupa rangi tulivu, na ile ya aina ya Mach-Zehnder inaweza kupangwa iteleze kinyume, ili pigo libanwe kwanza kabla ya kuanza kupanuka. Modulesheni, yaani namna ya kutia data kwenye mwanga, iitwayo duobinari, inayobana upana wa rangi, huweza kuongeza umbali wa gigabiti 10 mara mbili au zaidi. Mara nyingine ukibadilisha moduli mbili tu, huhitaji tena kununua dawa.

Sanduku la DCF

DCF ni faiba iliyotengenezwa iwe na mtawanyiko wa kinyume, mara nyingi kati ya -80 na -100 kwa kilomita. Ukiwa na ya -90, kilomita 15 zilizoviringishwa ndani ya sanduku la chuma zinafuta mtawanyiko wa kilomita 80 za nje. Wale watoto wepesi waliotangulia sasa wanapita njia ambayo kwao ni nzito, na mstari unajipanga upya.

Sifa yake kubwa, na kwa muda mrefu ilitosha kuifanya mfalme, ni kwamba haiulizi unabeba nini. Chaneli 40 au 80, kila moja na rangi yake, za bendi nzima ya C (nanomita 1530 hadi 1565 hivi) zinapita humo kwa pamoja, za gigabiti 2.5 na za 10, ziwe za modulesheni yoyote. Haina umeme, haina programu, haina leseni. Iko pale miaka 15 na hakuna aliyeigusa. Kwa mtu mwenye vibanda vya mitambo porini, hilo ni jambo zito.

Gharama zake ni tatu, na mbili kati ya hizo watu huzigundua wakiwa wameshachelewa.

Ya kwanza inajulikana: mwanga unapotea. DCF inakula kama desibeli 0.5 kwa kilomita, zaidi ya maradufu ya faiba ya nje. Kilomita 15 zinakula desibeli 7.5, maana yake chini ya moja ya tano ya mwanga ndiyo inayotoka. Ndiyo maana amplifaya za laini hizi hujengwa kwa hatua mbili, sanduku likikaa katikati. Kiini cha DCF pia ni chembamba sana, kwa hiyo huwezi kusukuma mwanga mwingi humo bila kuamsha kelele za kioo chenyewe.

Ya pili ni mteremko. Mtawanyiko si namba moja kwa bendi nzima. Kwenye faiba ya kawaida ni kama 15.8 pale nanomita 1530 na 17.9 pale 1565. Kwa kibanda kimoja tofauti hiyo haisumbui. Kwa kilomita 800 inakaribia pikosekunde 1700 kwa nanomita kati ya chaneli ya kwanza na ya mwisho. Kama sanduku lako halifuati mteremko wa faiba ya nje, chaneli za katikati zitakuwa nzuri na za pembeni zitakufa. Muuzaji akikuonyesha vipimo vya nanomita 1550 peke yake, mwombe vya kingo mbili.

Ya tatu ni muda. Mwanga hutumia karibu mikrosekunde 5 kwa kila kilomita ya kioo. Chukua njia ya Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 480 kwa barabara, uigawe vipande sita vya kilomita 80. Masanduku sita yanaongeza kilomita 90 za kioo ambazo hazikupeleki popote, sawa na mikrosekunde 450. Kwa video na benki za simu hilo halionekani. Kwa minara ya simu inayopewa saa kupitia faiba, ni habari nyingine. Mitandao ya 4G na 5G ya aina ya TDD, ambayo hutuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yale yale, inataka saa isipotoke zaidi ya mikrosekunde 1.5. Itifaki ya kusambaza saa hudhani kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Sanduku la kwenda likizidi la kurudi kwa kilomita moja tu ya faiba, njia moja inachelewa mikrosekunde 5 zaidi, na saa inapotoka kwa nusu yake, 2.5. Umeshavuka kikomo. Masanduku mawili yenye kibandiko kimoja hayana lazima ya kuwa na urefu sawa wa nyuzi, maana kibandiko kinataja dawa, hakitaji kilomita.

Gretingi ya Bragg

Hii ni njia ya kistadi kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda kwa moyo hata pale ambapo siinunui. Mwaka 1978, Kenneth Hill na wenzake huko Ottawa, Kanada, waligundua kwamba mwanga mkali unaweza kuchora alama za kudumu ndani ya kiini cha faiba, na alama hizo ndizo gretingi. Mwaka 1987 François Ouellette akapendekeza alama hizo zipangwe kwa nafasi zinazobadilika taratibu, ili kila rangi irudishwe kutoka kina tofauti. Rangi iliyotangulia inaingia ndani kabisa kabla ya kugeuka, na iliyochelewa inageukia mlangoni. Zinatoka pamoja.

Kipande chenye urefu wa sentimita 10, ambacho kinatoshea kwenye kiganja, kinampa mwanga safari ya kwenda na kurudi ya nanosekunde 1 hivi. Ukiitandaza nanosekunde hiyo juu ya nanomita 0.7 za chaneli moja, unapata pikosekunde 1400 kwa nanomita. Kiganja kimoja badala ya kilomita 15. Pamoja na sakyuleta ya kutenganisha mwanga unaoingia na unaorudi, upotevu ni desibeli 3 hadi 4, muda unaoongezeka hauna maana, na unaweza kusukuma mwanga mwingi bila hofu.

Tatizo lake ni mawimbi madogo. Uchoraji hauwi kamilifu, hivyo ucheleweshaji haupandi kama mstari ulionyooka, unapanda ukitetemeka. Kila mtetemo unalitupia pigo mwangwi mdogo mbele au nyuma yake, ndani ya mapengo ya msafara. Gretingi moja au mbili, huoni kitu. Kumi mfululizo, miangwi inajumlishana. Halafu kuna joto: rangi inayorudishwa huhama karibu nanomita 0.01 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kiyoyozi cha kibanda kikifa na joto likapanda nyuzi 20, gretingi isiyo na kifungashio cha kuhimili joto inahama nanomita 0.2, robo ya nafasi ya chaneli. Nunua zenye kifungashio hicho, na kiandikwe kwenye mkataba. Udhaifu huo huo una faida yake: zipo gretingi zinazopashwa joto kwa makusudi ili kurekebisha dawa zikiwa kazini, na kwa laini ya gigabiti 40 ya zamani, yenye uvumilivu mdogo sana, hakuna kingine kilichofaa zaidi.

Koherenti

Kipokezi cha kawaida kinahesabu mwanga tu. Kinasimama kando ya barabara na kuhesabu vichwa vya watoto wanaopita. Wakishachanganyika, hakina namna ya kujua nani alikuwa mstari gani. Kipokezi cha koherenti kinachanganya mwanga uliofika na leza yake chenyewe, na hivyo kinasoma ukubwa wa wimbi, awamu yake na polaraizesheni zote mbili, yaani mielekeo miwili ambayo wimbi hutetemeka. Kwa maneno ya mchakamchaka, kinaona kila mtoto amevaa shati la rangi gani. Mtawanyiko haujapoteza chochote, umepanga upya tu, na chipu ikijua kila rangi ilichelewa kiasi gani, inazirudisha zote kwa hesabu.

Nortel ya Kanada ilianza kuuza vifaa vya gigabiti 40 vya aina hii mwaka 2008. Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipofika pwani yetu mwaka 2009 na 2010, teknolojia hii ndiyo kwanza ilikuwa inaingia sokoni, na laini za nchi kavu za zama zile zilijengwa kwa fikra za gigabiti 10 na masanduku. Ndiyo sababu swali la kuchagua bado liko hai huku kwetu.

Ukubwa wa kazi inayofanywa na chipu unastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua chaneli ya gigabiti 100 yenye alama bilioni 32 kwa sekunde (alama hapa ni hali moja ya mwanga inayobeba biti kadhaa), kilomita 1000 za faiba ya kawaida bila sanduku hata moja. Rangi zake zimetandaa nanomita 0.26 hivi, mtawanyiko wote ni 17,000, na kila alama inatawanyika kwa zaidi ya nanosekunde 4. Alama moja inachukua pikosekunde 31. Basi kwa wakati wowote alama 140 zimelaliana, na chipu inazitenganisha bila kukosea, mabilioni kwa sekunde. Ukipanda hadi alama bilioni 64, zinazolaliana zinakaribia 560. Kipeo cha pili tena.

Jambo ambalo wengi walioanza na DCF hawaliamini mpaka waone ni kwamba koherenti inafanya kazi vizuri zaidi kwenye laini isiyo na masanduku kabisa. Sababu iko kwenye msafara. Penye masanduku, mapigo hujipanga upya kila kibanda, jirani wale wale wanakutana mahali pale pale, na madhara ya kioo kutikiswa na mwanga mkali yanarundikana kipande baada ya kipande. Penye mtawanyiko huru, alama zinachanganyika haraka, nguvu inatandaa, na madhara yanakuwa kelele ndogo ya jumla. Mtawanyiko ambao kwa gigabiti 10 ulikuwa adui, hapa ni mlinzi.

Gharama ni umeme na bei. Moduli ya gigabiti 10 ya kilomita 80 inakula wati 1.5 hivi. Moduli ya 400ZR, kiwango kilichotolewa na OIF, jumuiya ya kampuni za mitambo ya mwanga, mwaka 2020 kwa gigabiti 400 na umbali hadi kilomita 120, inakula wati 15 na zaidi. Kwa biti moja ni nafuu. Kwa kibanda kinachotegemea sola, ni hesabu ya betri.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa kipande cha kilomita 80 cha G.652, mambo yanayoamua ni haya:

| | DCF | Gretingi | Koherenti |
|---|---|---|---|
| Mwanga unaopotea | desibeli 7 hadi 8 | desibeli 3 hadi 4 | hakuna |
| Muda unaoongezeka | mikrosekunde 75 | nanosekunde | mikrosekunde chache au makumi, mara moja kwa laini nzima |
| Inatibu nini | bendi nzima, modulesheni yoyote | chaneli zilizochorewa | chaneli yake peke yake |
| Faiba ikibadilika baada ya ukarabati | ubadilishe sanduku | ubadilishe au upashe joto | inajirekebisha yenyewe |
| Kinachoiua | mteremko na miunganisho mingi | miangwi, joto | majirani wa gigabiti 10 |

Safu ya mwisho inahitaji maneno. Chaneli ya gigabiti 10 inayowashwa na kuzimwa inatikisa kioo kila inapowaka, na mtikiso huo unavuruga awamu ya chaneli za koherenti zilizo jirani. Kwenye laini yenye masanduku madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu ile ile ya mapigo kujipanga upya kila kibanda. Ukilazimika kuchanganya, zipe za gigabiti 10 upande mmoja wa bendi, uache chaneli kadhaa tupu katikati, na upunguze nguvu ya zile za gigabiti 10.

Ningechagua nini

Laini mpya, kilomita zozote zaidi ya 80, na unajua gigabiti 100 inakuja: koherenti, faiba tupu, amplifaya za hatua moja. Usikubali kuuziwa masanduku "kwa tahadhari". Ukiyaweka leo, mwakani yatakupunguzia umbali.

Laini ya zamani yenye masanduku, wateja wa gigabiti 10 wamejaa, na fedha za mwaka huu ni kidogo: bakiza DCF. Ongeza koherenti chache kwenye ukingo wa bendi kwa nafasi niliyosema, uhamishe wateja mmoja mmoja, na masanduku yatoke siku chaneli ya mwisho ya gigabiti 10 itakapozimwa. Nimeona watu wakiyang'oa mapema kwa shauku na kuangusha nusu ya wateja kwa usiku mmoja.

Laini ya kipande kimoja au viwili, gigabiti 10, chaneli chache, na inabeba saa ya minara: hapo gretingi inashinda bila ubishi. Hakikisha tu kwamba pande zote mbili zina kifaa cha aina moja.

Mjini, kilomita 10 hadi 40, usitibu kitu. Rudi kwenye nanomita 1310, ambako mtawanyiko wa G.652 ni karibu sifuri, ukubali desibeli 0.35 kwa kilomita badala ya 0.2. Hili linahusu zaidi moduli mpya za gigabiti 100 kwa rangi moja zinazotumia PAM4, modulesheni ya viwango vinne vya mwanga. Ukizipeleka kwenye 1550, mtawanyiko unafuta kabisa sehemu muhimu ya ishara baada ya kilomita 5 tu, na mwanga utaonekana kwenye kipimo cha nguvu uko mwingi, wa kutosha, huku hakuna biti inayosomeka.

Kuhusu kubadilisha faiba yenyewe sina mengi. Wajapani walitandaza kwa wingi faiba ya G.653, yenye sifuri ya mtawanyiko pale pale 1550, na zilipokuja chaneli nyingi, rangi zilizosafiri bega kwa bega bila kuachana zikaanza kuzaa rangi za uongo juu ya za kweli. Kwa kebo mpya nunua G.652, au G.654 kama laini ni ndefu sana na mfuko unaruhusu.

Siku ya kukabidhiwa laini, uwe umechagua lolote, jaribio liende kwa data nasibu ndefu, PRBS31, si kwa mpangilio unaojirudia. Liende saa 24, ili kibanda kipite joto la mchana na baridi ya alfajiri. Lipimwe kwenye chaneli ya kwanza, ya katikati na ya mwisho ya bendi, kwenda na kurudi. Na kama kuna sanduku lolote kwenye rafu, andika kwa kalamu isiyofutika urefu halisi wa nyuzi zilizomo ndani, karibu na ile namba ya kiwandani.